Denmark Ilikaa Nyumbani

Vita hivyo nilivifundisha mara sita kabla havijanikuta mwenyewe. Kila mwaka niliingia kidato cha sita na chaki mbili mfukoni, nikaandika ubaoni: Sababu na mwendo wa vita vya Austria na Prussia, 1866. Kisha nikawageukia wanafunzi na kuwaambia watulie, maana hii ndiyo mada nyepesi kuliko zote katika historia ya Ulaya. Falme mbili, wiki saba, mshindi mmoja. Asiyeielewa hii, niliwaambia, akafuge kuku.

Mtu wa nje anaweza kushangaa kwamba watoto wa Kampala, ambao wengine hawajavuka hata mto Nile kule Jinja, wanajua majina ya majimbo ya Ujerumani kuliko wanavyojua majina ya shangazi zao. Ndivyo mtihani unavyotaka. Sababu zinakaririwa kwa pointi, kila pointi na maelezo yake, na mwalimu bora ni yule ambaye pointi zake zinabaki kichwani siku ya mtihani. Zangu zilibaki. Nina ulimi mkali na mifano ya nyumbani, na hilo nalisema bila haya, kwa sababu kufundisha kidato cha sita ndilo jambo pekee nililowahi kulifanya vizuri kuliko wenzangu. Nyumbani nilikuwa mke aliyeachwa na mpishi mbaya. Darasani nilikuwa mtu.

Mfano walioupenda zaidi ulikuwa wa mbuzi. Watu wawili wakimwibia jirani mbuzi, niliwaambia, njiani hucheka pamoja na kupokezana mzigo. Ugomvi huanza pa kuchinjia. Mwaka 1864 Prussia na Austria ziliungana zikaipiga Denmark, nchi ndogo, zikaipokonya majimbo mawili, Schleswig na Holstein. Mwaka uliofuata wakagawana: Prussia ikasimamia la kaskazini, Austria la kusini. Ramani yenyewe ilikuwa mtego, maana la kusini lilikuwa mbali na Austria na karibu kabisa na Prussia. Waziri mkuu wa Prussia alilijua hilo wakati anatia saini. Darasa zima lilicheka nilipowaonyesha ramani, nami nilicheka pamoja nao, nikamwita Austria bwege.

Sasa niwaeleze habari za mbuzi wetu.

Nilipoajiriwa katika shule ile, madarasa ya juu ya historia yalikuwa mikononi mwa Mzee mmoja wa Kisenyi, Mwislamu wa zile familia ambazo mababu zao walikuja na biashara kutoka pwani wakabaki. Alikuwa mkuu wa somo. Alifundisha kwa karatasi zilizogeuka rangi ya chai: yeye anasoma, wanafunzi wanaandika, kengele inalia, salaam aleikum. Nilikuwa na rafiki hapo shuleni, mwalimu wa historia kama mimi, mwanamke wa Nateete, mwepesi wa kucheka na mwepesi zaidi wa kusikiliza. Aliniita mukwano, neno la Kiganda la rafiki wa moyoni. Aliwaita hivyo watu wengi, hata muuza maandazi, lakini niliamini langu lina sauti yake peke yake.

Mimi na yeye tulimwondoa yule Mzee. Sitazunguka. Tulikwenda kwa mwalimu mkuu, mama mmoja mpole anayependa mambo yaishe haraka, tukamwambia kwamba Mzee amechoka, kwamba notisi zake ni za enzi za wazazi wetu, kwamba watoto wanafeli. Hakuna hata neno moja lililokuwa uongo mtupu, na hakuna hata moja tulilomwambia Mzee usoni. Muhula uliofuata alipewa funguo za maktaba. Cheo cha mkuu wa somo kilibaki kwake kwenye karatasi, kwa kuwa kukiondoa kulihitaji barua nyingi. Rafiki yangu akachukua kidato cha tano, mimi nikachukua cha sita. Tulisherehekea kwa samaki wa kukaanga kule Luzira, karibu na nyumbani kwa baba yangu, tukicheka njia nzima.

Baba yangu ni askari magereza mstaafu, mtu wa kaskazini. Nilizaliwa na kukulia kambini. Baba alikuwa Mkatoliki, mama Mwislamu wa kabila lingine, na Kiswahili ndicho kilichokuwa katikati yao. Ndicho walichotumia kugombana, ndicho walichotubembelezea. Lakini nilipoanza shule mjini, wenzangu waliniambia hiyo ni lugha ya wanajeshi na wezi. Nikaificha. Nilijifunza Kiganda mpaka nikakizungumza kama niliyenyonya nacho, na mama alipokuja shuleni nilimjibu kwa Kiingereza, mbele za watu, naye hakuelewa nusu ya niliyomwambia.

Mama alipofariki, rafiki yangu alikaa nami matangani siku tatu. Alimenya ndizi, aliosha masufuria, alinifunika shuka nilipolala mkekani. Siku ya pili nilimwambia jambo ambalo sikuwahi kumwambia mtu: kwamba nilimwonea mama yangu haya kwa sababu ya lugha yake, kwamba sasa hakuna wa kuniita kwa Kiswahili asubuhi, na kwamba natamani ningerudi mwanzo niizungumze hadi itoshe. Nililia kama mtoto. Alinishika mkono. Niliona hapo ndugu.

Miaka miwili baadaye serikali ilikuwa imekwisha kusema kwamba kila mwanafunzi wa kidato cha kwanza na cha pili lazima asome Kiswahili. Shule yetu ilikuwa na mwalimu kutoka Kenya, kijana mzuri, lakini alipata kazi kwao akaondoka mwisho wa muhula. Mwalimu mkuu akahangaika kutafuta wa kujaza nafasi hiyo. Nilisikia, nikasema maskini, nikaendelea na notisi zangu.

Likizo hiyo rafiki yangu alitembea sana. Haya niliyajua baadaye, kipande kwa kipande, kutoka kwa watu walioona haya kunitazama. Alikwenda nyumbani kwa mkuu wa taaluma, bwana anayepanga ratiba, ambaye yeye mwenyewe hufundisha jiografia na kila mwaka hulalamika kwamba vipindi vyake huangukia mchana wa jua kali, watoto wakisinzia. Akamwambia kwamba kidato cha tano na cha sita vikiwa chini ya mwalimu mmoja, vipindi vya asubuhi vitapatikana. Hakumwahidi vingapi. Waziri wa Prussia naye, kabla ya vita, alikwenda kumwona mfalme wa Wafaransa ufukweni, wakatembea, wakaongea habari za fidia bila kuandika neno. Nilikuwa nikilifundisha hilo kwa kuigiza mwendo wao wa taratibu, mikono nyuma. Wanafunzi walilipenda sana.

Kisha akaenda kwa mwalimu mkuu.

Jumatatu ya kufungua shule nilifika mapema. Ratiba mpya ilikuwa imebandikwa kwenye chumba cha walimu, karatasi kubwa iliyogawanywa kwa wino wa rangi nne, na katika kila kisanduku herufi za kwanza za jina la mwalimu. Nilitafuta herufi zangu upande wa kidato cha sita. Hazikuwapo. Nilidhani ni makosa ya mwandishi. Nikashuka kwa kidole mpaka chini, nikazikuta: kidato cha kwanza, mikondo yote mitatu, na cha pili, mikondo yote mitatu, Kiswahili. Juu, kwenye historia ya kidato cha tano na cha sita, zilikuwa herufi za mukwano.

Walimu walikuwa wakinywa chai nyuma yangu. Hakuna aliyeuliza nimeona nini. Hapo nikajua kwamba wote walikuwa wanajua.

Mwalimu mkuu alinipokea kwa tabasamu. Alidhani nimekuja kushukuru. Aliniambia ameguswa sana kusikia habari za marehemu mama yangu na jinsi ninavyoililia lugha yake. Kwamba rafiki yangu alimweleza yote, na kwamba nilikuwa naona aibu kuomba mwenyewe. Alisema shule imebahatika. Nilimwambia sikuomba. Tabasamu likaisha, lakini si mara moja, na nikaona akilini mwake ratiba nzima ikihitaji kuchorwa upya. Akaniuliza kwa upole kama ni kweli au si kweli kwamba nililisema lile.

Lilikuwa kweli.

Nilimkuta rafiki yangu nyuma ya jiko la shule, mahali tunapozungumzia mambo yetu siku zote, mpishi akisonga posho, ugali wa shule, kwenye sufuria la kuingia mtu. Sikumpa hata salamu. Kwa kawaida tuliongea Kiganda na Kiingereza, lakini siku hiyo yeye alianza kwa Kiswahili, kile chake cha kuokoteza, kile alichokuwa akinitania nacho. Nadhani alikuwa amejiandaa.

"Mukwano, mimi nimesema uongo gani? Si wewe ulilia? Si wewe ulisema unataka hiyo lugha ya mama?"

"Nilikuambia wewe."

"Ndiyo. Na mimi nimekusaidia."

Nilimwambia maneno ambayo sitayaandika. Mpishi aliacha kusonga. Yeye alinisikiliza mpaka mwisho, kwa uso uleule wa matangani, kisha akasema kwa Kiganda kwamba yeye ana miaka sita akiwaandaa watoto kidato cha tano ili mimi niwapokee cha sita na kupigiwa makofi siku ya matokeo. Sikuwahi kumsikia akilisema hilo. Wala sikuwahi kumuuliza. Hilo nalikiri leo. Siku ile niliona uso wa nyoka tu.

Wanasema kikulacho ki nguoni mwako, na methali hiyo nimeisikia tangu utoto bila kujali. Lakini haisemi kwamba nguo ni ile uliyofunikwa ukilia.

Niliamua kupigana. Niliandika barua kwa bodi ya shule, kurasa mbili, nikieleza kwamba watoto wa kidato cha sita wamekwisha kuzoea mwalimu wao na mtihani uko karibu. Walimu watatu waliahidi kutia saini. Mmoja alitia, mwingine akasema atatia Ijumaa, wa tatu akaanza kupita njia ya bwalo ili asikutane nami. Mkuu wa taaluma aliniambia bodi haitaisoma barua yoyote ya somo isiyo na saini ya mkuu wa somo. Na mkuu wa somo, kwenye karatasi, alikuwa bado ni Mzee wa Kisenyi.

Katika miaka sita nilikuwa nimeingia maktaba labda mara kumi. Nilimkuta Mzee amekaa na bakuli la gundi ya unga, akibandika mgongo wa kitabu kilichochanika. Alibakiza mwaka mmoja kustaafu. Nilimsalimu shikamoo. Niliweka barua mbele yake na kumweleza jinsi nilivyotendwa, hata habari za mama yangu. Alisoma kurasa zote mbili polepole. Kisha akaondoa miwani, akanisemesha kwa Kiswahili kile chao kilichonyooka, ambacho kambini tulikuwa tukikiita cha misikitini.

"Mwaka wa sitini na sita, Austria alisaidiwa na nani?"

Nilidhani anatania. Hakuwa anatania. Nikamjibu, zile nchi ndogo za Kijerumani, nyingi zilikuwa upande wake, lakini zilichelewa na kila moja ilitazama mlango wake.

"Na Denmark?"

Nilitazama barua yangu mezani.

"Mwalimu, nimekuuliza swali."

"Denmark ilikaa nyumbani."

"Vizuri," alisema, akanirudishia barua yangu bila kuikunja. Akachovya kidole kwenye gundi akaendelea na kitabu. Nilikuwa nimefika mlangoni aliponiambia, bila kuinua kichwa, kwamba hicho Kiswahili angeweza kukifundisha yeye, mwaka wake wa mwisho, kwa furaha, lakini hakuna aliyemuuliza, maana uongozi uliambiwa zamani kwamba amechoka.

Mkuki kwa nguruwe. Nilishuka ngazi za maktaba nikiwa sina hasira na Mzee hata kidogo, na hilo liliniuma kuliko hasira.

Baada ya hapo mambo yalikwenda mbio. Vita vile vya Ulaya viliamuliwa kwa siku moja, pale Sadowa. Waaustria walikuwa hodari, lakini bunduki zao zilishindiliwa kwa mdomo, na kushindilia lazima mtu asimame. Waprussia walipakia zao kwa nyuma wakiwa wamelala chini. Mimi nami nilisimama. Niliingia kikao cha walimu nikaongea dakika ishirini, kwa uchungu, nikataja matanga, nikataja usaliti, na kila neno lilinifanya nionekane mgomvi. Rafiki yangu alikuwa amekaa. Alipopewa nafasi alisema tu kwamba anasikitika, kwamba anampenda mwenzake, na kwamba Kiswahili ni somo kama masomo mengine au vipi? Nani angesema si somo? Mwalimu mkuu akafunga ajenda.

Jioni nilikwenda Luzira kwa baba, nikitaka angalau mtu mmoja akasirike pamoja nami. Nilimweleza. Alizima redio.

"Sasa hiyo ni mbaya namna gani?" aliuliza. "Mimi nafurahi. Hiyo Kiswahili ndio ilisomesha wewe."

Alifurahi kweli. Aliwapigia simu wenzake wawili wastaafu kuwaambia kwamba binti yake sasa ni mwalimu wa Kiswahili. Ningempinga vipi? Nililala kwake usiku huo, na asubuhi nikapanda teksi kwenda kufundisha kidato cha kwanza.

Nilifundisha vibaya. Kiswahili cha kambini hakina habari na mitihani. Watoto waliniuliza maswali ambayo kitabu kilijua na mimi sikujua. Mmoja aliniuliza kama niliwahi kuwa mwanajeshi. Nikanunua kamusi, nikawa nasoma mpaka macho yanauma. Kiswahili hiki ninachoandikia nilikisoma ukubwani, kwa hasira. Na kuna siku, labda wiki ya nne, msichana mdogo alinipokea mlangoni kwa kuniambia, umeamkaje mwalimu, na kifua changu kikafunguka, nikasimama pale nikitabasamu kama mjinga. Siku hiyo ndiyo nilimchukia rafiki yangu kupita zote. Alikuwa ameniibia kitu akaniachia kitu kingine mahali pake, na hicho kingine kilikuwa kitamu. Hata chuki hakuniachia nzima.

Wanafunzi wangu wa kidato cha sita mwanzoni walinifuata na maswali. Halafu wakapungua. Watoto wa mtihani hawana muda wa kuomboleza.

Katika wiki ya saba rafiki yangu alikuja mezani kwangu, saa ya chai, na maandazi mawili kwenye karatasi. Akakaa. Aliongea kwa upole kwamba yaliyopita yamepita, kwamba hataki tuwe maadui, kwamba akiwa mkuu wa somo Mzee atakapostaafu, atahakikisha naheshimiwa. Halafu akaniomba jambo. Ile mada ya Austria na Prussia ilikuwa imefika, na wanafunzi wanasema hakuna anayeifundisha kama mimi. Ningekubali kuingia kidato cha sita kipindi kimoja, nikaifundisha?

Baada ya Sadowa, mfalme wa Prussia na majenerali walitaka kuingia Vienna kwa gwaride. Waziri alikataa. Hakutaka kipande cha ardhi ya Austria, hakutaka kumvua nguo hadharani, kwa sababu alijua atamhitaji kesho. Miaka yote niliwaambia wanafunzi waandike hapo: busara, uvumilivu, kuona mbali. Nilimtazama mwanamke huyu na maandazi yake na nikataka kumtupia chai usoni. Nikasema sawa, nitakuja.

Niliingia Alhamisi. Walipiga makofi, nami nikainamisha kichwa kutafuta chaki, maana machozi yalikuwa karibu. Yeye alikaa kiti cha nyuma kabisa, daftari mapajani. Nilifundisha kama sijawahi kufundisha. Nilieleza Denmark kwa muda mrefu kuliko kawaida. Niliporudi kwenye ramani hawakucheka, kwa kuwa sikuwachekesha. Nilipita ufukweni kwa Wafaransa, nikapita njama na Italia, nikafika Sadowa, nikafika amani. Zilibaki dakika chache, nikaruhusu maswali.

Msichana wa safu ya mbele aliinua mkono. Alitaka kujua uadui wa Austria na Prussia ulidumu mpaka lini.

Nilimwambia haukudumu. Mwaka 1879, miaka kumi na mitatu tu baadaye, Austria iliweka saini ya muungano na Ujerumani iliyoundwa na Prussia, na waziri alikuwa yuleyule.

"Kwa hiyo Madam, walikuwa wamewasamehe?"

Kule nyuma rafiki yangu alikuwa ameinua kalamu, uso umetulia, akisubiri pointi.

"Hapana," nilisema. "Hawakuwa na pengine pa kwenda."

Akaiandika. Kisha akapiga mstari chini yake.